Bakshishi ugenini: haki, hisani au rushwa?

Aendaye Makka kwa Umra, ampelekaye mzazi wake India kutibiwa, afuataye bidhaa Guangzhou, au aendaye kumtazama binti yake aliyeolewa Marekani, wote hukumbuka pasi, viza, chanjo na fedha za matumizi. Lipo jambo moja ambalo husahauliwa hadi msafiri anapofika, nalo ni bakshishi: nani apewe, kiasi gani, na nani asipewe kabisa.

Jambo hili ni dogo kwa kulitazama tu. Katika nchi moja, noti aliyoiacha msafiri mezani ndiyo ujira wa aliyemhudumia, na akiondoka bila kuiacha amekula jasho la mtu. Katika nchi nyingine noti hiyo hiyo humtahayarisha mpokeaji, akamkimbilia mgeni barabarani amrudishie. Na mbele ya dirisha la ofisa mwenye muhuri, noti hiyo hiyo huwatia katika dhambi mtoaji na mpokeaji. Muislamu anayesafiri na familia yake ana wajibu wa kujua mahali aliposimama kabla ya kutia mkono mfukoni.

Neno na jamaa zake

Neno bakshishi asili yake ni Kiajemi, kutokana na kitenzi chenye maana ya kutoa au kutunuku. Waturuki wanalo, Wamisri wanalo, Wahindi wanalo, nasi tumelitia katika Kiswahili likaketi pamoja na tunu, ahsante, kiinua mgongo, na kile kilemba alichopewa mwalimu au fundi pindi mwanafunzi wake alipohitimu.

Baadhi ya jamaa za neno hili zimeharibiwa na matumizi. Chai ni kinywaji cha kumkirimu mgeni, lakini mitaani limekuwa jina la fedha anayopewa mtumishi wa umma ili afanye kazi ambayo tayari analipwa mshahara kwa kuifanya. Takrima nalo ni neno la heshima, lenye maana ya kukirimu. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka kuwa likawa jina la vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyowaruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipovibatilisha mwaka 2006. Kwa hiyo jina la kitu halitoshi kutuongoza. Inatupasa kukitazama kitendo chenyewe.

Maswali manne ya kupimia

Wanachuoni wetu wametuachia mizani ambayo msafiri anaweza kuibeba popote. Ajiulize maswali manne.

La kwanza: je, mtu huyu ana mamlaka ya kuamua jambo langu? Ikiwa ni ofisa wa uhamiaji, wa forodha, askari wa barabarani au karani wa ofisi ya serikali, basi chochote apewacho kwa sababu ya cheo chake kiko upande wa rushwa, hata kikiitwa zawadi. Katika Sahih mbili za Bukhari na Muslim imepokewa habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (SAW) kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili: hili la Waislamu, na hili yeye amezawadiwa. Mtume (SAW) alikasirika, akapanda mimbari na kuuliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa wazazi wake akaona kama angeletewa zawadi hiyo. Kipimo hicho kinafaa hadi leo katika kila uwanja wa ndege.

La pili: je, kwa desturi ya nchi hii, bakshishi ni sehemu ya ujira wa mtu huyu? Ipo kanuni ya fikihi inayoipa mila nguvu ya kuhukumu, na nyingine inayosema kwamba jambo lililojulikana kwa desturi huchukuliwa kama lililoshurutishwa katika mkataba. Kanuni hizi mbili zimo katika Majalla, sheria ya madai ya dola ya Uthmaniya. Anayeketi kuhudumiwa mahali ambapo kila mtu anajua kuwa mhudumu huishi kwa bakshishi, anakaribia sana kuwa ameridhia kulipa. Hapo bakshishi inasogea kutoka hisani kwenda haki.

La tatu: je, mwajiri wake amemkataza kupokea? Ikiwa amekatazwa, kumshikilia apokee ni kumsukuma avunje amana yake.

La nne: ikiwa hana mamlaka juu yangu, wala desturi haikumpa haki, wala hakukatazwa, basi ninachompa ni hisani. Nitoe kwa kadiri yangu, bila kujionyesha na bila kujiumiza.

Marekani, mahali ilipokuwa ujira

Msafiri wetu hukosea zaidi Marekani, kwa sababu bei iliyoandikwa kwenye orodha ya vyakula siyo bei yote. Kuna kodi itakayoongezwa, kisha bakshishi ya mhudumu, ambayo kwa desturi ni kati ya asilimia 15 na 20 ya hesabu. Sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991, ilhali kima cha chini kwa wafanyakazi wengine ni dola 7.25. Bakshishi ndiyo inayotarajiwa kuziba pengo hilo, na isipotosha, mwajiri anatakiwa kulijazia. Baadhi ya majimbo, kama California na Washington, yameondoa tofauti hiyo, lakini desturi ya kutoa imebaki kila mahali.

Mazoea hayo yana historia chungu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa, kampuni ya Pullman iliyomiliki mabehewa ya kulala iliwaajiri wanaume weusi, wengi wao wakiwa watumwa wa jana, wawatumikie abiria. Mishahara yao ilikuwa duni, wakaachiwa waishi kwa tabasamu na sarafu za abiria. Wafanyakazi hao waliunda chama chao mwaka 1925 chini ya uongozi wa A. Philip Randolph, na iliwachukua hadi mwaka 1937 kupata mkataba na kampuni. Mwenye kuijua habari hiyo haoni tena kuwa bakshishi ya Marekani ni anasa ya matajiri.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua fungu la kumi la hesabu, kisha ongeza nusu ya fungu hilo, utapata asilimia 15. Chakula cha dola 60 fungu lake la kumi ni 6, na nusu yake ni 3, basi bakshishi ni dola 9. Ukizidisha fungu la kumi mara mbili unapata asilimia 20, yaani dola 12. Dereva wa teksi, kinyozi na anayeleta chakula mlangoni nao hupewa. Anayebeba mizigo hotelini hupewa dola moja au mbili kwa kila begi.

Yapo mambo mawili ya kujihadhari. Kwanza, familia kubwa ikiketi pamoja, mikahawa mingi huongeza bakshishi yenyewe ndani ya hesabu. Soma ankara usilipe mara mbili. Pili, siku hizi mashine ya kulipia kwa kadi hukuuliza asilimia ngapi uongeze hata unaponunua kikombe cha kahawa na kukibeba mwenyewe. Hapo hapana mhudumu aliyekuketisha wala kukuandalia meza, na kuchagua kutoongeza si kosa.

Mwenye mkoba mwembamba asione haya kula mahali pa kujihudumia, ambako bakshishi haitarajiwi. Hilo ni bora kuliko kuketi, kuhudumiwa saa nzima na watoto watano, kisha kuondoka huku ukisema kwetu hakuna mambo haya.

Uingereza na Ufaransa

Uingereza mzigo ni mwepesi zaidi. Mikahawa mingi ya London huongeza ada ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5, na huandika kuwa ni ya hiari. Ukiona imo, hudaiwi zaidi. Ikiwa huduma ilikuwa mbaya unaweza kuomba kwa upole iondolewe. Kwa miaka mingi yalikuwapo malalamiko kuwa wenye mikahawa huzuia sehemu ya fedha hizo. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024 inawalazimu waajiri kuwafikishia wafanyakazi bakshishi yote na kuigawa kwa uadilifu. Muislamu hatashangaa kuona amana ikiwekewa sheria.

Ufaransa, bei iliyoandikwa mezani tayari ina huduma ndani yake. Watu huacha sarafu chache kwa kuridhika, na asiyeacha hatazamwi vibaya.

Japani na China

Japani, mhudumu huona kuwa kufanya kazi vizuri ni sehemu ya kazi, na fedha ya ziada humtatiza. Ukiiacha mezani atadhani umeisahau. Shukrani huko ni maneno na kuinama kidogo. China nako, wanakokwenda wafanyabiashara wetu wengi, bakshishi si desturi katika mikahawa ya kawaida wala katika teksi.

Katika nchi za namna hiyo Muislamu hakubaki mikono mitupu. Tumefundishwa kumlipa aliyetufanyia wema, na tusipokuwa na cha kumlipa, tumwombee dua. Tumefundishwa pia kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu.

Misri, nchi ya chenji

Cairo ni mji ambao wengi wetu tuna ndugu ndani yake, wakisoma Al-Azhar. Hapo bakshishi iko kila mahali: anayekuonyesha pa kuegesha gari, anayetunza viatu mlangoni mwa msikiti wa kale, anayeshika taulo msalani, anayekufungulia chumba cha makumbusho. Mkahawani ada ya huduma huwa imeongezwa kwenye ankara, na bado mhudumu hutarajia kitu kidogo mkononi.

Mgeni huchoka, akaanza kuwaona watu wote kuwa waombaji. Asifanye hivyo. Wengi wao ni watu wa kipato kidogo mno, na kiasi kinachotarajiwa nacho ni kidogo. Jambo la maana ni kuwa na chenji, ambayo Wamisri huiita fakka, na ambayo ni adimu. Vunja noti kubwa kila upatapo nafasi, na uweke noti ndogo katika mfuko wake peke yake, usije ukafungua pochi yote mbele ya umati. Na aliyejipachika kuwa kiongozi wako bila kuombwa, mwambie mapema kwa upole kuwa huhitaji. Ukimwacha akuzungushe mji mzima ukiwa umenyamaza, kunyamaza kwako kumemtia tamaa.

Makka, Madina na Ghuba

Saudi Arabia bakshishi si sharti. Hata hivyo msafiri wa Hija au Umra hukutana na watu wengi wanaomhudumia: wasukuma viti vya wagonjwa, vinyozi, wapagazi, madereva wa mabasi, wafagiaji wa Haram.

Kwa msukuma kiti na kinyozi, jambo la kwanza ni kupatana bei kabla ya kazi kuanza, au kutumia huduma yenye ada iliyotangazwa. Mtume (SAW) ameamrisha mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na ujira usiojulikana huzaa ugomvi mahali ambapo ugomvi haufai kabisa. Ukishamlipa haki yake, ukimwongeza riyali tano au kumi ni hisani, na mahali ni patukufu.

Wafagiaji wengi ni wageni waliotoka Asia ya Kusini na kuziacha familia zao mbali. Mahujaji wengi huwapa riyali chache. Hiyo ni sadaka, na adabu yake ni siri: mpe mkononi, umpe salamu, upite. Kuzigawa noti hadharani huleta msongamano, na huenda kukamtia matatani msimamizi wake akimwona.

Katika misafara mingi ya Hija kuna desturi ya kuchangishana kwa ajili ya madereva. Ni desturi njema ikiwa mambo matatu yamezingatiwa: mchango uwe wa hiari, kiasi kilichopatikana kitangazwe, na kimfikie dereva chote. Kiongozi wa msafara akikusanya bila kutoa hesabu amefungua mlango wa dhana mbaya kwa mahujaji, na dhana hiyo watarudi nayo nyumbani.

Dubai, Doha na Maskati, hoteli na mikahawa mingi huongeza ada ya huduma, na kinachozidi ni hiari. Lakini tukumbuke ni nani wanaobeba mabegi na kutandika vitanda huko. Wengi wametoka India, Nepal na Ufilipino, na miongoni mwao wamo vijana wa Mombasa, Kampala na Dar es Salaam. Mhudumu anayekujibu kwa Kiingereza chenye lafudhi unayoijua huenda ni mtoto wa jirani yako.

Ndani ya hospitali

Wapo wasafiri wetu wanaokwenda India kwa ajili ya matibabu, na safari ya mgonjwa ina mtihani wake. Mtu mwenye hofu ya mzazi wake hufikiri kuwa akimpa muuguzi fedha, mgonjwa ataangaliwa zaidi. Baadhi ya hospitali zimewakataza watumishi wao kupokea chochote. Soma matangazo, uliza, na ukikuta katazo liheshimu.

Kuna tofauti kubwa kati ya fedha inayotolewa kabla ya huduma ili mgonjwa wako atangulizwe mbele ya mgonjwa wa mwenzako, na shukrani inayotolewa siku ya kuondoka. Ya kwanza imemdhulumu mtu aliyelala kitanda cha pili. Ya pili, pasipo na katazo, ni ihsani. Palipo na katazo, barua ya shukrani kwa uongozi yenye jina la muuguzi aliyewafaa humsaidia kuliko noti ya kufichwa.

Mbele ya mwenye muhuri

Hapa hapana nchi iliyo tofauti na nyingine. Mtoa rushwa na mpokeaji wote wawili wamelaaniwa katika hadithi. Akisema ofisa kwamba “safari ndefu, hukuniletea hata soda?”, jibu jema ni tabasamu, nyaraka zilizokamilika na subira. Abdullah ibn Rawaha, sahaba aliyetumwa kukadiria mavuno ya Khaybar, alikusanyiwa mapambo ya wanawake ili apunguze makadirio. Aliyakataa, akawaeleza kuwa walichomletea ni haramu wasiyoila Waislamu. Aliyekuwa na mamlaka alikataa. Itakuwaje sisi tusio na mamlaka tuwe wa kwanza kutoa?

Watoto wanatazama. Mtoto akimwona baba yake anakunja noti ndani ya pasi, mafunzo ya chuoni ya mwaka mzima yamepata mpinzani.

Adabu ya mkono unaotoa

Qur'ani katika Surat al-Baqara imetuonya tusibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi, na imeyatanguliza maneno mema mbele ya sadaka inayofuatwa na udhia. Basi usimrushie mtu sarafu, usimwite kwa kupiga vidole, wala usimwambie mbele ya wenzake umempa kiasi gani.

Mtume (SAW) alifundisha kuwa mtumishi anapomletea mmoja wetu chakula, amketishe ale naye, na asipomketisha basi ampe japo tonge moja au mawili, kwani ndiye aliyestahimili moto na tabu ya kukiandaa. Ni vigumu kupata mafundisho yaliyo karibu zaidi na meza ya mkahawa.

Katika chumba cha hoteli, acha kidogo kila asubuhi badala ya kuacha kingi siku ya mwisho, kwa kuwa msafishaji wa leo huenda si wa kesho. Andika neno la ahsante kwenye karatasi uliweke juu ya noti. Bila karatasi hiyo msafishaji mwaminifu hatagusa fedha, akiogopa kuitwa mwizi.

Usitoe sarafu za nchi nyingine, kwani maduka ya kubadili fedha hayazipokei. Wala usiihesabu bakshishi kuwa zaka: zaka ina nia yake na watu wake wanane waliotajwa katika Surat at-Tawba, na haitolewi kuwa malipo ya huduma.

Fungu la bakshishi katika bajeti

Mwenyezi Mungu amewasifu wale ambao wanapotoa hawafanyi israfu wala ubahili, bali huwa katikati. Katikati hapo hupatikana kwa kupanga. Siku chache kabla ya safari, baba na mama waketi na watoto wakubwa, waulize desturi ya nchi waendayo, kisha watenge fungu. Familia ya watu wanne itakayokula mkahawani Marekani mara sita, kila mara kwa dola 50, itahitaji dola 45 hadi 60 za wahudumu peke yao. Ni bora kuijua hesabu hiyo nyumbani kuliko kuigundua mezani. Ikiwa haitoshi, punguzeni milo ya mkahawani kabla ya kupunguza haki ya mhudumu.

Mmoja wa watoto apewe kazi ya kutunza noti ndogo na kuzitoa kwa mkono wa kulia pamoja na neno la shukrani kwa lugha ya wenyeji. Atakaporudi shule atakuwa na habari za majumba marefu ya kuwasimulia wenzake. Atakuwa pia amejifunza kumtazama usoni mtu aliyembebea begi, na kuuliza jina lake.

Mwenyezi Mungu azijaalie safari zetu ziwe za kheri, na atuwezeshe kumpa kila mwenye haki haki yake. Amin.